Java: lugha ya wazee inayotunza faili za wagonjwa wetu

Wiki jana kijana mmoja wa chuo kikuu, aliyerudi hapa Mabanga kwa likizo, alinikuta nimefungua msimbo wa Java kwenye kompyuta yangu. Akanicheka. "Kaka, bado unaandika hiyo lugha ya wazee?" Yeye yuko kwenye Python na JavaScript, na kwake kitu chochote kilichoandikwa kabla hajazaliwa ni cha makumbusho.

Sikumjibu pale pale kwa sababu umeme ulikuwa umepotea na betri inakaribia kuisha. Lakini swali lake halikuniacha. Java ilitangazwa rasmi tarehe 23 Mei 1995. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye. Kwa hiyo ni kweli, lugha inayonilisha imenizidi umri. Leo nataka nimjibu kijana yule kwa kirefu, na jibu langu haliko Marekani tu. Liko hapa kwetu, kwenye barabara ya kutoka Bungoma kupitia Webuye hadi Eldoret, na kupanda mpaka Kitale.

Kabla ya yote, tuondoe utata

Mkenya akisikia Java anafikiria mkahawa wa Nairobi. Si makosa sana, kwani hata waliobuni lugha hii waliipa jina la kahawa. Mwanzoni iliitwa Oak, jina la mti uliokuwa nje ya ofisi ya James Gosling, lakini jina hilo lilikuwa tayari na mwenyewe. Pia, tafadhali, Java si JavaScript. Hizo ni lugha mbili tofauti kabisa zilizofananishwa majina kwa sababu za biashara.

Java ilianzia kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1991. Jambo la kuchekesha ni kwamba haikukusudiwa kompyuta za ofisini. Gosling na wenzake walitaka lugha ya vifaa vya nyumbani, vya kuendesha televisheni na mfano wa hivyo. Vifaa hivyo vilikuwa na vichakato vya aina nyingi, na hakuna aliyetaka kuandika programu upya kwa kila aina. Ndipo wakaja na wazo lililoifanya Java iwe Java.

Nitalieleza kwa mfano wa soko la Kitale. Pale utampata Mbukusu, Msabaoti, Mnandi, Mteso, Mkikuyu na Msomali, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwake. Muuza vitunguu hawezi kujifunza lugha zote hizo. Anasema bei yake kwa Kiswahili mara moja, na kila mnunuzi anaitafsiri kichwani mwake. Java inafanya hivyo hivyo. Msimbo wako hautafsiriwi moja kwa moja kwenda lugha ya Windows au ya Linux. Unageuzwa kwanza kuwa lugha ya katikati iitwayo baitikodi, kisha kila kompyuta inakuwa na mkalimani wake, yaani mashine pepe ya Java, anayeigeuza kuwa lugha ya kompyuta ile. Unaandika mara moja, inafanya kazi popote palipo na mkalimani.

Shika wazo hilo, tutalihitaji tukifika Eldoret.

Mosoriot, 2001

Sasa tusafiri kidogo. Mosoriot ni kituo cha afya katika Nandi, kusini mwa Eldoret. Mwezi Februari 2001 pale pakawashwa mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa wa kawaida wasiolazwa. Uliitwa Mosoriot Medical Record System, na uliundwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, urafiki ulioanza mwaka 1989. Uliandikwa kwa Microsoft Access.

Ndiyo, Access! Ile ile ambayo wengi wetu tulifanyia mradi wa somo la Kompyuta katika KCSE. Usiicheke. Walipopima matokeo, waligundua kwamba muda ambao mgonjwa alitumia kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kwa mama aliyetembea kwa miguu na mtoto mgongoni, hiyo ni saa ya kurudi shambani kabla ya mvua.

Lakini kumbuka mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Mnamo Novemba 1999 Rais Moi alikuwa ametangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Mwaka 2001 ushirikiano ule wa Moi na Indiana ukazaa AMPATH, mpango wa kuzuia na kutibu virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Dawa zilipoanza kupatikana, wagonjwa waliongezeka kutoka wachache hadi maelfu, na vituo vikaongezeka. Tena mgonjwa wa virusi si kama mgonjwa wa malaria anayekuja mara moja akaondoka. Huyu utamwona kila baada ya muda maisha yake yote. Kila ziara ina uzito, vipimo, dawa na madhara ya dawa. Rekodi yake inarefuka kila mwaka.

Access ina mipaka. Faili lake haliwezi kuzidi gigabaiti 2, jedwali haliwezi kuwa na safu zaidi ya 255, na watu wengi wakiingia kwa pamoja huanza kugugumia. Zaidi ya hayo, kila daktari alipotaka swali jipya kwenye fomu, mtu alipaswa kufungua jedwali na kuongeza safu. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja sasa ilikuwa inalaza kijiji.

Eldoret, 2004

Mwezi Februari 2004 madaktari wawili waliokuwa pia waandishi wa programu, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis, walikuja Eldoret kuusaidia mfumo wa AMPATH. Burke hakuwa mgeni kabisa, maana baba yake, daktari Joe Mamlin, ni mmoja wa waanzilishi wa AMPATH. Walipoona jinsi kazi ilivyokua, waliamua kwamba kuongeza kiraka kwenye nguo ile hakutafaa. Wakaanza upya, na wakachagua Java.

Mfumo waliouanzisha ndio unaojulikana leo kama OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006. Mwaka huo huo shirika la Partners In Health, ambalo lilikuwa limejiunga nao, likauweka Rwanda. Kwa kuwa ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuubadilisha, uliendelea kusafiri hadi Uganda, Tanzania, Msumbiji, Haiti na kwingineko. Hapa Kenya, kuanzia mwaka 2012, Wizara ya Afya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington waliujenga juu yake mfumo wa KenyaEMR, ambao ndani ya miaka michache uliwekwa katika vituo zaidi ya 300.

Fikiria kidogo, ndugu msomaji. Lugha iliyobuniwa kwa ajili ya televisheni za California ikaja kutunza faili za wagonjwa wa Uasin Gishu. Na mfumo uliozaliwa kwa shida za Uasin Gishu ukaenda kusaidia Haiti. Mara nyingi tunafundishwa kwamba teknolojia inakuja kwetu tu. Hii ilitoka kwetu pia.

Kwa nini Java, si kitu kingine?

Sababu ya kwanza ni ule mfano wa soko la Kitale. Kituo kimoja kina kompyuta ya Windows iliyotolewa kama msaada, kingine kina seva ya Linux, na mwandishi wa programu ana Mac. Msimbo ni ule ule kote.

Sababu ya pili ni ukali wake. Java inakulazimisha kusema kila kitu ni cha aina gani. Ukisema uzito ni namba, hauwezi kupitisha neno mahali pake. Wanafunzi huchukia jambo hili, kwa maana unaandika maneno mengi kufanya kitu kidogo. Lakini katika mfumo wenye waandishi mamia kutoka nchi nyingi ambao hawajawahi kuonana, ukali huo ni sawa na mwalimu wa zamu getini. Makosa mengi yanakamatwa kabla hayajafika kwa mgonjwa.

Sababu ya tatu ni moduli. OpenMRS ina kiini kidogo, na juu yake kila nchi inaongeza vipande vyake bila kugusa kiini. Tena tatizo la Access la kuongeza safu lilitatuliwa kwa kamusi ya dhana, wazo lililotokana na mfumo ambao Regenstrief walikuwa nao tangu mwaka 1972. Kila swali ni dhana ndani ya kamusi, na kila jibu ni mstari mmoja: mgonjwa nani, dhana gani, jibu gani, lini. Daktari akitaka swali jipya anaongeza dhana kwenye kamusi. Jedwali halibadiliki hata kidogo.

Na OpenMRS haikuwa peke yake. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS ulianza Afrika Kusini miaka ya 1990 ukiwa kwa Access vile vile. Chuo Kikuu cha Oslo kilipoongoza kuuandika upya kama DHIS2, kiliuandika kwa Java, na mwaka 2011 Kenya ikauanza kuutumia nchi nzima kupitia intaneti. Programu ya ODK Collect, ambayo wahudumu walibeba kwenye simu za Android wakipita nyumba kwa nyumba, nayo ilianza kwa Java. Hata kadi ya simu iliyo mfukoni mwako, yaani laini, huenda inaendesha Java ndogo iitwayo Java Card. Lugha ya wazee, lakini wazee hawa wako kila kikao.

Je, ilisaidia kweli?

Swali la haki. Kompyuta inaweza kuwa pambo tu. Kwenye vituo vya AMPATH, kwa miaka mingi daktari alijaza fomu ya karatasi, karani akaiingiza kwenye mfumo, na mgonjwa aliporudi mfumo ulichapa ukurasa mmoja wa muhtasari. Mwandishi mmoja Mkenya, daktari Martin Were, na wenzake walijaribu kuongeza kikumbusho kwenye muhtasari huo: mgonjwa huyu amechelewa kupimwa CD4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika kliniki iliyopewa vikumbusho, kipimo kiliagizwa kwa asilimia 53. Katika kliniki isiyopewa, asilimia 38. Tofauti hiyo ni ya watu, si ya namba. Na kazi yote ya kompyuta ilikuwa kukumbuka kile ambacho mtu aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni, angekisahau.

Jinsi nilivyofundishwa na mama karani

Sasa niungame. Mwaka 2018 nilikuwa kijana yule yule aliyenicheka wiki jana. Nilikuwa kwenye mafunzo ya kazi katika kituo kimoja cha kaunti ya Bungoma. Mfumo ulikuwa Java, kompyuta ilikuwa mzee, na kuuwasha asubuhi kulichukua muda wa kunywa chai nzima. Nikasema moyoni, hawa wanateseka bure. Nikakaa usiku wiki mbili nikaandika mfumo wangu kwa JavaScript. Ulikuwa unapaa! Nikampelekea mama aliyekuwa karani wa rekodi, mtu wa miaka mingi katika kazi hiyo.

Akavaa miwani akaanza.

"Mwanangu, huyu hajui tarehe yake ya kuzaliwa. Anajua tu alikuwa mdogo wakati wa Uhuru. Niweke nini?"

Mfumo wangu ulitaka tarehe kamili. Ukakataa.

"Haya. Huyu hapa ana jina la kwao, jina la ubatizo na jina la mume. Safari hii amekuja na la kwao. Nitampataje?"

Mfumo wangu ulikuwa na nafasi ya jina moja.

"Na huyu, jana niliandika uzito wake kilo 95, kumbe ni 59. Nikifuta, daktari atajuaje kwamba jana dawa zilipimwa kwa 95?"

Mfumo wangu ulifuta tu, bila kuuliza.

Nilienda kuangalia msimbo wa ile Java niliyoidharau. Kulikuwa na nafasi ya kusema tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Mtu mmoja aliweza kuwa na majina mengi na namba nyingi za utambulisho. Na rekodi ilipokosewa haikufutwa, bali ilitiwa alama kwamba imebatilishwa, nani kaibatilisha, lini na kwa sababu gani. Kila swali la mama lilikuwa limeshaulizwa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita na kujibiwa ndani ya msimbo.

Mama akavua miwani. "Hii yako ni nzuri, mwanangu. Ni nzuri kwa duka la sukari."

Niliicheka aibu yangu, lakini somo lenyewe lilikuja wiki iliyofuata. Alifika mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka upande wa Kitale. Barua yake ya uhamisho ilikuwa imelowa mvua, wino umetawanyika kama ramani. Vituo vile havikuwa vimeunganishwa, kila kimoja kilikuwa na seva yake. Muuguzi akapiga simu Kitale. Upande ule wakaandika jina lake kwenye mfumo, na kabla salio halijaisha wakasoma rekodi tangu 2009: dawa alizoanza nazo, na ile moja iliyomwondoa damu mwilini mpaka ikabidi abadilishiwe. Ilikuwa ni moja ya zile ambazo angeweza kupewa tena siku ile.

Mstari ule uliingizwa na karani asiyejulikana miaka tisa nyuma, kwenye toleo la zamani la mfumo. Matoleo yalibadilika, kompyuta zilibadilika, makarani walibadilika. Mstari ulisomeka. Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza lugha ina umri gani. Nauliza kama inaweza kusoma kile kilichoandikwa jana.

Na hapo ndipo Java ina sifa ambayo haitangazwi sana. Wanaoitunza wanaogopa sana kuvunja kilichopo. Si kwamba imelala. Tangu mwaka 2018 toleo jipya linatoka kila miezi sita, na Java 21 ya mwaka 2023 si Java ya babu. Lakini mara nyingi msimbo wa miaka mingi iliyopita bado unaendeshwa na mkalimani wa leo.

Kasoro zake, tusifichane

Java inakula kumbukumbu ya kompyuta kama ng'ombe wa maziwa anavyokula majani. Kwenye mashine ndogo za vituo vya mashambani hilo linauma. Maneno ni mengi. Mifumo mingi pia ilibaki kwenye Java 8 ya mwaka 2014 kwa muda mrefu, kwa sababu kuhama ni kazi na kazi inataka fedha. Na mwezi Desemba 2021 dunia nzima ilitetemeka ilipogunduliwa tundu katika Log4j, kipande cha Java cha kuandika kumbukumbu za mfumo ambacho kilikuwa kimejificha ndani ya programu zisizohesabika. Kitu kikongwe kinachotumika kila mahali, kikiugua, kinaugua kila mahali.

Nani atautunza?

Hili ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo sababu ya kuandika haya yote. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Miradi mingi iliyolipa makarani wa data na watunza mifumo ya afya nchini Kenya ikasimama au ikapunguzwa. Lakini wagonjwa hawakupungua, na rekodi zao bado ziko kwenye seva zile, ndani ya msimbo ule wa Java.

Msimbo haukuondoka na wafadhili, kwa kuwa ni programu huria. Hakuna leseni ya kununua wala mlango uliofungwa. Kinachohitajika ni watu wanaoweza kuusoma. Na hapa ukongwe wa Java unageuka kuwa baraka. Chuo Kikuu cha Moi kiko Eldoret, Masinde Muliro kiko Kakamega, Kibabii kiko hapa hapa Bungoma, na Java si ngeni katika madarasa ya kompyuta. Kama mfumo ungekuwa umeandikwa kwa lugha ya mtindo iliyovuma miaka miwili ikazimika, leo tungekuwa tunatafuta fundi wa saa ambayo kiwanda chake kimefungwa.

Kwa hiyo kijana wangu, jibu ni hili. Jifunze Python, jifunze JavaScript, jifunze chochote kinachokupa ugali. Lakini usiidharau Java. Siku moja kaunti yako itatafuta mtu wa kufungua mfumo wa hospitali na kuelewa ndani mna nini, na ndani ya mfumo huo yumo shangazi yako, jirani yako, pengine na wewe mwenyewe. Mtu huyo hatatoka Indiana tena. Afadhali atoke Mabanga.

Umeme umerudi. Ngoja nirudi kwenye msimbo wangu wa wazee.